Niliwaambia Treni Haiji

Sydenham, Durban
Jumapili, baada ya ibada

Mama Sifa, mke wangu mpenzi,

Barua hii ikukute umeketi, si umesimama na ndoo kichwani. Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Mguu wa mama yako umepungua kuvimba? Sifa amepona ile malaria, au bado anatapika dawa? Na mvua je, imewaachia kuta, au mto Mulongwe umeingia tena kwa majirani? Nauliza mengi kwa mara moja kwa sababu kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, ingawa baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, na chumba chetu kiko upande usiopata jua. Bado naishi na Deo, yule kijana wa Bukavu niliyekuambia ananyoa watu kwenye saluni moja ya Overport. Leo tulipotoka kanisani alipika sombe, majani ya muhogo ya kununua yaliyogandishwa, bila mawese ya kweli, bila ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Tukala. Mwishowe akasema, "Yaya," maana ananiita kaka yake mkubwa, "hii si sombe. Hii ni picha ya sombe." Tulicheka, lakini hakuna aliyeongeza.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama Neema, anayeuza vitenge jirani na saluni ya Deo, anarudi Bujumbura kumuuguza mama yake, na amekubali kuvuka mpaka Uvira kuwaona ndugu zake. Ndiye aliyekuletea bahasha hii. Mpe maji ya kunywa na umkalishe vizuri, amesafiri njia ndefu sana.

Lakini ukweli ni kwamba hata bila Mama Neema ningeandika. Kwenye simu wewe huniuliza, "Baba Sifa, utakuja lini?" Mimi hujibu, "Karibuni, mama, Mungu akipenda." Kisha vocha inaisha au mtandao unakatika, na nadhani sote wawili, kila mmoja upande wake, tunashukuru kidogo kwamba umekatika. Jambo ninalotaka kukuambia leo haliwezi kusemwa hivyo. Kama macho yako yamechoka, Sifa akusomee, anasoma vizuri sasa. Ila mwisho wa barua usome mwenyewe.

Nilikuambia kwamba nilipata kazi ya ulinzi kwenye kituo cha treni. Sikukueleza kazi ile ilivyokuwa. Kuna eneo la viwanda linaitwa Mobeni, ghala baada ya ghala, malori siku nzima. Asubuhi treni inawamwaga wafanyakazi pale, jioni inawazoa kuwarudisha makwao. Mimi nilikuwa nasimama kwenye geti la kuingilia, nimevaa koti la sare na kofia, redio ya mawasiliano mkononi. Kazi yangu, walivyoniambia, ilikuwa kuzuia wezi. Kazi yenyewe ilikuwa kuulizwa.

Treni ikichelewa, mke wangu, kwanza wote wanasogea ukingoni. Watu wanatazama reli zinapopotelea. Halafu wanatazama simu zao. Halafu wananitazama mimi. Mwenye sare ndiye anayegeuka kuwa treni, hasira zote zinapanda juu yake. Kuna kipaza sauti kimefungwa kwenye nguzo, na mara moja moja kinakoroma maneno ambayo hata wenyeji hawayaelewi, wanaulizana, "Amesema nini?" Basi wanakuja kwangu.

Abiria mgeni angeniuliza atarajie nini siku hiyo, ningemwambia asitarajie mtu wa kumweleza sababu. Atarajie kusimama mpaka miguu iwake. Lakini pia atarajie kwamba mama asiyemjua atampasulia boksi, amgawie kipande cha kukalia, na kwamba andazi la mtu mmoja litaliwa na watu watatu. Atarajie nyimbo. Huku kuna watu wanaosali ndani ya treni, wana behewa lao, na treni isipokuja wanaanzia palepale kituoni, mmoja anapiga kiganja kwenye Biblia yake kama ngoma. Kizulu chao sikukielewa, ila tuni moja nilikuwa naijua, mnaiimba ninyi kwaya ya wamama. Siku ya kwanza niliyoisikia niliwapa mgongo, nikajifanya natazama reli.

Mkubwa wangu, tulimwita Sefu, ni mtu wa hapahapa, na si mtu mbaya. Siku ya kwanza alinifundisha jibu moja. "Wakikuuliza, waambie just now." Kwa Kiingereza changu cha shule nilijua maana yake ni sasa hivi, nikawa nawaambia watu kwa furaha kabisa. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kwa watu wa huku neno hilo linaweza kuwa baada ya saa nzima, linaweza kuwa jioni, linaweza kuwa kamwe. Ni neno la kumfanya mtu aendelee kukaa alipokaa. Nikalizoea. Nililisema mpaka likawa kama pumzi.

Kati ya abiria wote palikuwa na mama mmoja wanayemwita MaNgcobo, yaani binti wa ukoo wa Ngcobo. Ndivyo wanavyowaheshimu wanawake wao. Anashona kwenye kiwanda cha mashuka. Kila jioni sweta lake lilikuwa limejaa nyuzi nyeupe, na mimi nilizoea kumwonyesha zile zilizobaki mgongoni. Wengine walinipita kama nguzo. Yeye alisimama akanisalimu, "Sawubona, baba," akauliza kama nimekula. Ndiye aliyenifundisha Kizulu kidogo nilicho nacho. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Johannesburg, na mjukuu analelewa na yeye, msichana wa miaka mitatu au minne. Mchana mtoto anabaki kwa mama mmoja anayelea watoto wa jirani kule Umlazi.

Sasa sikia yaliyotokea.

Ilikuwa Ijumaa, mwisho wa mwezi. Watu wamepokea mshahara, kila mtu ana mifuko ya plastiki ya unga na mafuta, kituo kimejaa mpaka nje ya geti. Upepo wa baridi ulikuwa unavuma na jua limeanza kushuka. Treni ya kwanza ya jioni haikutokea. Ya pili haikutokea. Redio yangu ikalia. Nikasogea pembeni kusikiliza.

"Leo hakuna kitu," Sefu akasema. "Nyaya zimekatwa huko mbele. Treni imelala, na hii ya nyuma yake nayo imelala."

"Kwa hiyo niwaambie haiji?"

"Hapana! Waambie just now."

"Lakini Sefu, kama haiji kabisa..."

"Eish, ndugu yangu, nisikilize. Ukiwaambia haiji watavunja kituo, na wewe uko peke yako hapo. Wakisubiri watachoka, wataondoka mmoja mmoja. Sharp?"

"Sharp," nikajibu, maana ndivyo wanavyosema sawa huku.

Nikarudi kwenye geti. Walioniuliza niliwaambia just now. Waliendelea kukaa. Msichana mmoja mjamzito wa kiwanda cha biskuti alivua viatu, akaketi chini, akaegemea mifuko yake. Nilimwona akifumba macho.

Ndipo MaNgcobo akaja. Hakunisalimu, na hapo nikajua kuna jambo. Alisimama mbele yangu karibu sana.

"Baba, niangalie. Inakuja au haiji?"

"Just now, Mama."

"Sikukuuliza hivyo. Wiki ile nilingoja hapa kwa sababu ulisema hivyo hivyo. Nilipofika nilimkuta mtoto ameketi nje ya geti, peke yake, amekumbatia kibegi chake. Mlezi alikuwa amefunga nyumba amekwenda kwenye maombi. Mtoto hakuwa analia. Angelia ningejua la kumfanya." Akanyoosha kidole kuelekea barabarani. "Sasa hivi teksi bado ziko barabara kuu. Nikikaa zaidi zitajaa, kisha zitaisha. Niambie kweli. Nitembee au nibaki?"

Nilikuwa na redio mkononi, na sauti ya Sefu ilikuwa bado kichwani mwangu. Nilifikiria kazi. Nilifikiria chumba, na chakula, na kile kidogo ninachowatumia. Sitakudanganya, niliyafikiria hayo kwanza. Halafu nikamfikiria Bebe wetu, mdogo wake Sifa. Uliniambia siku moja kwamba Bebe akiona simu ya mtu yeyote, hata ya muuza samaki, anainyooshea kidole na kusema, "Papa," akidhani ni mimi baba yake. Ulicheka uliponieleza. Mimi pia nilicheka, kisha nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi za watu mpaka Deo akanifuata. Basi yule mtoto wa Umlazi na kibegi chake, sijui ni kwa nini, nilimwona na uso wa Bebe, uso ninaoujua kwa picha tu.

Nikasema, "Mama, haiji. Leo haiji kabisa. Nenda."

Nilidhani atashika njia. Hakuondoka. Aligeuka akawatazama watu waliojaa pale, yule mjamzito, wazee, wale wa nyimbo.

"Na hawa?"

"Mama, nimeamriwa nisiseme. Wewe nenda, wahi mtoto."

"Na hawa, baba?"

Nilipanda kwenye benchi. Nikasema kwa Kizulu changu kibovu, nikamalizia kwa Kiingereza, kwamba treni haiji leo, nyaya zimekatwa, watu waende barabarani mapema wakatafute teksi, zile basi ndogo za huku, kabla giza halijaingia. Nikaomba samahani.

Sauti zikaja zote pamoja, kama mabati yakianguka. Mwanamume mmoja wa ovaroli la bluu alinishusha kwa koti. "Tangu saa ngapi unajua? Umetukalisha hapa na watoto wetu wako nyumbani!" Mwingine nyuma akapaza sauti kwamba nyaya zinaibwa na sisi wageni, tunaziuza, halafu tunavaa sare na kuwacheka. Kofia yangu ikachukuliwa, ikatupwa kwenye reli. Nilisikia mshono wa bega ukiachia. Mke wangu, nimeogopa mara nyingi katika maisha yangu, na mara nyingine tulikuwa pamoja unajua, lakini siku zile nilikuwa na mahali pa kukimbilia. Siku hii nyuma yangu palikuwa na ukuta.

"Myekeni!" Ni MaNgcobo. "Mwacheni!" Alijipenyeza, mama mfupi yule, na mifuko yake miwili mikononi, akasimama kati yangu na yule wa ovaroli. "Mwacheni, nimesema! Tangu mpande treni hii, nani aliwahi kuwaambia kweli? Nani? Huyu amekuja kutoka kusikojulikana, amesema. Mkimpiga leo, kesho atakayesimama hapa atawaambia nini?"

Yule wa ovaroli alikuwa bado ameshika koti langu. Alimtazama mama yule, akanitazama mimi. Aliniachia, akajifuta kiganja kwenye suruali kana kwamba ni mimi niliyemchafua, akaenda zake. Hakuomba radhi, wala sikuitaka. MaNgcobo akawageukia wanawake: "Twendeni wote pamoja. Mjamzito akae katikati. Teksi hazitungoji!" Wakatoka kwa kundi, mifuko kichwani, wale wa nyimbo wakianza tena mbele. Alipopita getini alinigusa mkono.

Kituo kikawa kitupu. Palibaki maboksi na nusu ya andazi kwenye benchi. Nikashuka kuokota kofia. Nikiwa pale chini kati ya reli nilisimama kidogo kutazama upande wa kaskazini, mliko ninyi, na nikatamani, si kuja tu, nikatamani kusikia ukiniita kwa ukali jinsi unavyoita ugali ukiwa tayari na mimi niko kwa jirani. Hicho tu. Mtu anafikiri atatamani mambo makubwa.

Jumatatu asubuhi MaNgcobo alishuka kwenye treni akiwa na mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Akaniambia kwamba ile Ijumaa alimkuta mtoto bado ndani, anafungwa kamba za viatu, na mlezi hata alishangaa kwamba amewahi. Alinieleza mara mbili ile ya kamba za viatu. Yule mjamzito naye alifika kwao salama. Niliula mkate ule kwa furaha, nikafikiri mambo yameishia hapo.

Mchana Sefu akaja mwenyewe. Mtu alikuwa amepeleka habari.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia, Sefu."

"Kituo hakikuvunjika, nakubali. Lakini mimi nina wakubwa wangu, na wao hawaulizi kama kilivunjika. Wanauliza nani alisema." Alikuna kichwa. "Eish. Nitafanyaje mimi? Kesho lete vitu vyote."

Nilimsihi. Nilimweleza habari zenu. Alisikiliza mpaka mwisho, na naamini iliuma, lakini hakubadilisha neno. Jioni ile nilipomweleza Deo alishika kichwa. "Yaya! Ungesema tu bongo, uongo kidogo. Kila mtu anasema bongo, kazi inaendelea."

"Njo vile," nikamjibu, ndivyo ilivyo. Nikatafuta sindano.

Kesho yake nikapeleka koti, nikiwa nimeshona bega lake, kofia, redio na tochi. Wafanyakazi kadhaa wa kiwanda cha mashuka walikwenda kumwona Sefu kuniombea. Hakuna kilichotokea. Nilipokuwa natoka nilikutana na MaNgcobo getini. Alikuwa ameomba ruhusa ya dakika chache kazini ili aniage. Tukaketi kwenye lile benchi.

Akaniuliza, "Una watoto wangapi?"

"Wawili, Mama. Wasichana."

"Wanaitwaje?"

"Mkubwa ni Sifa. Mdogo..." Nikakwama. "Mdogo bado tunamwita Bebe. Alizaliwa nikiwa nimeshaondoka. Kwetu, katika nyumba ya baba yangu, jina la mtoto linatoka kwa baba yake akiwa amemshika mikononi. Nitampa nikifika."

"Anatembea?"

"Anakimbia. Ndivyo mama yake anavyosema."

"Na utafika lini?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu, lile neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, lilikuja lenyewe. Yeye aliniangalia tu, vilevile kama ile Ijumaa. Nikalimeza. Nikasema, "Sijui, Mama."

"Mama yake amekwisha kuambiwa hivyo?"

Alinipigapiga goti, akainuka, akarudi kwenye cherehani yake. Sijamwona tena tangu siku hiyo, ila namba yangu anayo, na juzi alinitumia picha ya mjukuu wake ana kofia ya sufu.

Sasa nalinda magari kwenye maegesho ya maduka, hukohuko Overport. Navaa fulana ya kung'aa. Mtu akiegesha namwonyesha njia kwa mikono, akirudi namsaidia kupakia mizigo, akitaka ananipa kitu, asipotaka ananipungia. Mvua ikinyesha nasimama chini ya paa la duka la viatu mpaka mwenyewe atoke anitazame. Si kazi ya kulia, si kazi ya kusifu. Ninatafuta nyingine. Lakini nauli ya kuja kwenu niliyokuwa naiweka, tunaila.

Kuanzia hapa, mama, soma mwenyewe.

Sijui nitakuja lini. Mwaka huu siji. Mwaka ujao sioni njia, ingawa macho yangu hayaoni yote. Karatasi zangu bado ni za kuomba hifadhi. Nikitoka nchi hii sitaingia tena, na huko uliniambia mambo hayajatulia. Nikirudi mikono mitupu nitakuwa nimekuongezea mdomo tu wa kulisha. Kila nilipokuambia "karibuni" sikuwa nakudanganya kwa ubaya. Nilitaka uendelee kunikalia tayari. Niliogopa kwamba ukijua, utainuka uende zako, na mimi nibaki sina ninakotarajiwa.

Hofu hiyo bado ninayo. Lakini nimewaambia kweli watu nisiowajua, wakanitupia kofia kwenye reli, na kweli ile ikamsaidia mtoto mmoja. Nikikunyima wewe, nitakuwa mume wa namna gani?

Basi nakuomba mambo haya. Chumba cha pili ulichoacha bila mabati ili nije nichague mwenyewe, kiezekwe kwa mabati yoyote utakayopata. Ile biashara ya unga uliyoniambia unaingoja ruhusa yangu, ianze hata leo. Kama kuna watu wanakusema kwamba una mume wa kwenye simu, waache waseme. Wewe usiishi kama mtu aliyefunga mizigo. Kupenda nakupenda. Usiku nikinyoosha mkono naukuta ukuta, na bado mkono haujajifunza. Siku nitakayopata njia hutahitaji kuambiwa karibuni, utasikia kutoka kwa watoto wa barabarani kwamba kuna mtu mwembamba anauliza nyumba yetu.

Na Bebe. Mpeleke abatizwe. Usingoje tena. Kaka yako mkubwa asimame mahali pangu, amshike mikononi kwa ajili yangu, namwomba hilo kwa heshima. Nilikuwa nimeweka jina moja moyoni tangu ulipokuwa na mimba, sijamwambia mtu. Nimeliacha. Wewe ndiye uliyemzaa peke yako, ukamnyonyesha peke yako, ukamkimbiza hospitali mvua ikinyesha. Wewe ndiye unayejua anavyocheka na anachokikataa. Mpe jina wewe. Najua nimevunja desturi ya nyumba yetu. Nitakapomwona baba yangu mbinguni nitajibu mwenyewe. Usinipigie simu kuniuliza kama nalipenda. Lichague, limwagiwe maji, halafu uniambie likiwa lake tayari.

Nisalimie mama yako, mwambie mguu auweke juu jioni. Nisalimie kaka yako na mkewe, na shangazi yangu anayeuza ndagala kule Kalundu, mwambie nimekula kila aina ya samaki huku na hakuna hata mmoja aliyenifanya nilambe vidole. Mchungaji na wamama wa kwaya wote, salamu zao. Sifa, binti yangu, kama umefika hapa ingawa nilikataza, nakusalimu pia. Najua wewe ni mtoto wa kuchungulia. Msaidie mama yako, na umfundishe mdogo wako kuandika jina lake akishalipata.

Mama Neema ametuma mtu kuniambia mizigo yake inafungwa, kwa hiyo naishia hapa. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mume wako,

Baba Sifa, na baba wa yule ambaye jina lake nalingoja.